Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje inamhusu nini muuza mahindi wa Kibaigwa?

Swali la msomaji:

"Mwalimu, shikamoo. Nanunua mahindi Kibaigwa na kuyapeleka Namanga. Juzi kwenye taarifa ya habari nimesikia Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama imekutana na Waziri wa Mambo ya Nje hapo Dodoma, wakazungumzia uhusiano wetu na majirani. Mwaka 2021 Kenya walipozuia mahindi yetu nilikuwa na gari mbili njiani na sikuona mbunge hata mmoja akitufuata. Naomba kuelewa: hiyo kamati ina nguvu gani hasa? Mambo ya nje si ya Rais na mabalozi? Na sisi wa sokoni inatuhusu nini?"

Marahaba, kijana wangu, na pole kwa hasara ile. Gari ya mahindi ikilala mpakani siku nne naelewa inakula kiasi gani kwenye mfuko wa mwenye mali. Swali lako si geni kwangu. Kabla sijaingia darasani kufundisha nilikuwa katibu wa kamati pale bungeni, na nililisikia kwa madereva, kwa walimu wenzangu, hata kwa mbunge mgeni aliyepangiwa kamati hiyo na kuniuliza, amekunja uso, huko ndani anakwenda kufanya nini.

Kweli umesema: kuendesha mambo ya nje ni kazi ya Rais na Serikali yake. Kamati haina balozi hata mmoja, haisaini mkataba, wala haiwezi kumpigia simu waziri wa Kenya ikamwambia afungue mpaka. Iliyo nayo ni nafasi ya kukagua fedha, kuuliza maswali ambayo waziri analazimika kuyajibu, na kuusoma mkataba kabla haujaifunga nchi. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na uzito wake unategemea jambo moja ambalo watu wengi hawalitazami: karatasi imefika mezani lini. Ikifika mapema, kamati ni chujio. Ikifika mwishoni, kamati ni muhuri. Miaka yote niliyokaa katika vyumba vile sikuona jambo lingine lililoamua matokeo kuliko hilo.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na inalipa pia kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayoihusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Lakini Bunge la watu zaidi ya 350 haliwezi kukaa na waziri likapitia mkataba kifungu kwa kifungu. Ndiyo maana ibara ya 96 inaruhusu kuundwa kwa kamati, na Kanuni za Kudumu za Bunge zinazigawia wizara za kusimamia. Hiyo uliyoisikia, ambayo wenyewe tunaiita NUU, ina wizara tatu: Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mambo ya Ndani ya Nchi. Maana yake wajumbe wanaojadili balozi zetu wiki hii, wiki ijayo wanajadili msongamano wa magereza na nyumba za askari polisi. Mzigo ni mkubwa. Tena Spika huwateua wajumbe kwa nusu ya uhai wa Bunge, yaani miaka miwili na nusu, kisha kamati hupangwa upya. Kwa maoni yangu huo ni upungufu. Mambo ya nje yanataka mtu aliyekaa nayo muda mrefu, na mjumbe akianza tu kutofautisha itifaki na tamko anaweza kujikuta amehamishiwa kamati nyingine.

Kuhusu fedha, nikupeleke ndani ya chumba. Ni mwezi Machi, mkutano wa bajeti unaanza Aprili. Mbele ya kila mjumbe kuna randama, kile kitabu chenye hesabu za wizara fungu kwa fungu. Mambo ya Nje ni Fungu 34. Ngome, yaani jeshi lenyewe, ni Fungu 38, na JKT ni Fungu 39. Waziri amekaa na naibu wake, Katibu Mkuu yuko pembeni, na nyuma yao kuna safu mbili za wakurugenzi waliotoka ofisi za Serikali kule Mtumba asubuhi, mafaili mapajani. Mjumbe anabonyeza kinasa sauti, taa nyekundu inawaka, anauliza: ukurasa huu naona pango la ubalozi, je, kiwanja chetu wenyewe katika mji huo kimefikia wapi? Papo hapo kikaratasi kinaanza safari kutoka safu ya nyuma, mkono kwa mkono, mpaka kwa Waziri. Mimi nilijizoeza kukitazama kile kikaratasi. Kikifika upesi, wizara ina jibu. Kikichelewa, kikarudishwa nyuma, kikaandikwa upya, ujue hapo pana tundu, na mwenyekiti mzoefu husema jibu liletwe kwa maandishi kabla ya siku fulani.

Suala hilo la majengo limerudi katika taarifa za kamati mwaka hadi mwaka: tuna viwanja nje ya nchi ambavyo havijajengwa, huku kwingine tunalipa pango kwa fedha za kigeni. Utauliza kwa nini kamati haiamuru yajengwe. Haiwezi. Ibara ya 99 hairuhusu Bunge kuongeza matumizi ya Serikali bila pendekezo la Rais kupitia waziri wake. Kamati inaweza kushauri, kubana, kulalamika mbele ya Bunge zima na kuuliza tena mwaka unaofuata. Si kidogo, kwa sababu katibu mkuu anayejua kwamba ataulizwa tena Machi ijayo hufanya kazi tofauti na yule anayejua kwamba limesahaulika. Ila inataka kamati yenye kumbukumbu.

Sasa kwenye mikataba. Watu wengi huchanganya kusaini na kuridhia, na hata kwenye vyombo vya habari huchanganywa. Chukua mambo ya posa. Barua ya posa imepokelewa, wazee wamekubaliana, kila mtu mtaani anajua: huko ndiko kusaini. Ndoa yenyewe bado. Ndoa ni kuridhia, na kwa mikataba inayohitaji hivyo, Bunge ndilo linalofungisha. Halafu hata baada ya ndoa, bibi harusi hajahamia. Kwa mfumo wetu wa sheria, mkataba ulioridhiwa hauwi sheria ya kutumika mahakamani mpaka Bunge litunge sheria ya kuuingiza ndani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa mfano, ndiyo iliyoingiza katika sheria zetu mengi yaliyokuwa kwenye mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto tuliokuwa tumekwisha kuuridhia miaka mingi nyuma.

Mkataba ukishasainiwa na Serikali ikataka uridhiwe, waziri mwenye sekta huleta azimio. Spika hulipeleka kwenye kamati inayosimamia sekta hiyo. Hapo zingatia: si kila mkataba wa kimataifa huja kwa kamati ya mambo ya nje. Mkataba wa biashara au wa kilimo huweza kwenda kwa kamati inayosimamia sekta hizo, wa bandari kwa kamati ya miundombinu. Kamati humsikiliza waziri, huweza kuita wadau watoe maoni, kisha huandika taarifa na kuisoma ndani ya Bunge. Baada ya hapo ni wanaoafiki waseme ndiyo. Na ndiyo hiyo ni ya mkataba wote. Bunge haliwezi kufuta neno hata moja ndani ya mkataba ambao nchi nyingine imeshausaini. Linaweza kukubali, kukataa, au pale mkataba wenyewe unaporuhusu, kukubali huku nchi ikitamka kwamba kifungu fulani hakitaifunga.

Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini nashikilia suala la muda. Weka kando kwa kando mambo mawili yaliyopita hapa Dodoma.

La kwanza ni ule mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, maarufu kama EPA. Kenya na Rwanda waliusaini Septemba 2016. Tanzania ilikuwa imesita, ikihofia viwanda vyetu vichanga kuzamishwa na bidhaa za Ulaya zinazoingia bila ushuru. Novemba mwaka huo wabunge waliletewa mkataba wenyewe, wakasikiliza wasomi waliouchambua, wakajadili, wakaishauri Serikali isiusaini. Kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi. Kila hoja iliyotolewa siku ile ilikuwa na kazi ya kufanya. Hata mtu aliyekuwa na maoni tofauti kuhusu mkataba ule, na walikuwepo wenye hoja nzito, hawezi kusema Bunge lilikuwa linapamba ukumbi.

La pili ni makubaliano kati ya Serikali yetu na Dubai kuhusu bandari. Yalisainiwa Oktoba 25, 2022. Bunge liliyaridhia Juni 10, 2023. Kati ya tarehe hizo mbili ni zaidi ya miezi saba, na kwa sehemu kubwa ya miezi hiyo mwananchi wa kawaida hakuwa ameliona andiko. Lilipoonekana, muda wa kutoa maoni ulikuwa mfupi mno, nchi ikawaka kwa mjadala, shauri likafunguliwa Mahakama Kuu Mbeya na kutupwa Agosti 10, 2023. Oktoba 22 mwaka huo huo mikataba ya utekelezaji ikasainiwa Ikulu ya Chamwino. Sitaki kukurudisha kwenye ugomvi wa nani alikuwa sahihi kuhusu bandari. Ninachokuonyesha ni kwamba maswali mengi ya msingi yaliulizwa baada ya saini, wakati Bunge lilikuwa limebakiwa na njia mbili tu, kukubali lote au kukataa lote. Sehemu kubwa ya ufafanuzi watu waliotaka ikaja baadaye, kwenye hiyo mikataba ya Oktoba. Kama kamati zingekuwa zimekaa na rasimu mwaka mmoja kabla, naamini joto lile lisingefika kiwango kile, na huenda hata andiko lenyewe lingesomeka tofauti.

Nami nina kidonda changu katika hili. Siku moja, saa kumi na mbili jioni, ofisi moja ilituletea bahasha ya kahawia yenye mkataba wa kurasa zaidi ya sitini, kwa Kiingereza cha kisheria, na kesho yake saa tatu asubuhi wajumbe walitakiwa kuwa wameshaujadili. Tulidurufu nakala mpaka usiku. Asubuhi nikawatazama wajumbe wakifungua kurasa kwa mara ya kwanza huku waziri akisoma maelezo ya kurasa tano kwa Kiswahili. Walijadili yale maelezo. Mkataba wenyewe hakuna aliyeusoma siku ile, nami nikiwemo, isipokuwa kurasa za mwanzo. Taarifa ya kamati nikaiandika. Ilipita. Mpaka leo nikiuona mkataba ule ukitajwa gazetini moyo unanisuta, kwa sababu kazi ya katibu ni kumwambia mwenyekiti kwamba muda hautoshi, nami sikumwambia kwa nguvu niliyopaswa.

Nchi nyingine zimeliwekea jambo hili sheria. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 2010, mkataba unaohitaji kuridhiwa huwekwa mbele ya Bunge kwa siku 21 za vikao kabla ya kuridhiwa, na Bunge likipinga, Serikali lazima ijieleze. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2012 ya kufunga na kuridhia mikataba. Kwetu Katiba imetoa madaraka, lakini muda wa chini wa kamati kukaa na andiko, na wa mwananchi kuliona, ningependa uandikwe kwa sheria kwa namba, siku kadhaa, zisizoweza kupunguzwa kwa sababu ya haraka ya mtu. Nimelisema hili darasani, nimelisema kwenye semina, nitaendelea kulisema.

Usidhani hata hivyo kwamba kamati zetu hazijawahi kuutikisa mwelekeo wa nchi. Mwaka 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ile OIC. Mambo ya nchi za nje yamo katika orodha ya mambo ya Muungano, kwa hiyo likaibuka swali zito: sehemu moja ya Muungano inaweza kujiunga yenyewe na chombo cha kimataifa? Bunge likaipa kazi kamati yake ya katiba na sheria, chini ya uenyekiti wa Philip Marmo. Kamati ikachunguza, ikahoji, na mwanzoni mwa 1993 ikaleta taarifa kwamba hatua ile ilikwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huo Zanzibar ikajitoa. Wapo wanaokumbuka habari ile kwa uchungu na wapo wanaoikumbuka kwa nafuu, na mjadala wa Muungano uliofuata ulikuwa mkali kweli kweli. Lakini angalia kilichofanyika: wabunge wachache, chumba kimoja, nyaraka na mashahidi, na mwisho nchi ikabadili msimamo wake katika mambo ya nje bila risasi wala amri. Wala haikuwa kamati ya mambo ya nje.

Sasa mahindi yako. Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Barua tu. Haukuwa mkataba, haikuwa sheria, kwa hiyo hakuna kamati yoyote ya Bunge letu iliyokuwa na kitu cha kuridhia au kukataa. Mawaziri walizungumza, na siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili, na uwe na cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Ndiyo maana hukumuona mbunge. Moto ukiwaka saa hiyo hiyo, wanaokimbia na ndoo ni Serikali. Kamati huja baadaye kuuliza kwa nini nyumba ilikuwa ya makuti.

Na hapo kulikuwa na maswali, kijana wangu, mengine ya kutuuma sisi wenyewe. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa hii hii ya Dodoma na Manyara, wamekula mahindi ya nyumbani kwao. Kwa hiyo Kenya hawakuota ndoto. Kamati iliyokaa vizuri ingemuuliza Waziri wa Mambo ya Nje: ubalozi wetu Nairobi ulijua lini kwamba barua ile inakuja? Ingemuuliza mwenzake wa Kilimo: tangu watu wafe 2016, maabara ya kupima iliyo karibu na soko la Kibaigwa iko wapi, na mkulima anapimiwa kwa shilingi ngapi? Ingeuliza Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango kimoja cha sumukuvu au kila nchi inapima kivyake. Ona jinsi mambo ya nje yanavyoingia ndani ya gunia. Mwanamke anayepepeta mahindi kwenye turubai pale pembeni mwa barabara ya Morogoro, akitenga zilizopata ukungu, anafanya sehemu ya diplomasia ya nchi hii.

Mambo haya hugeuka pia. Aprili 2025, bajeti ikijadiliwa hapa Dodoma, Tanzania ndiyo iliyozuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kwa sababu Malawi ilikuwa imezuia bidhaa zetu kama mchele na tangawizi, na Afrika Kusini ilikuwa haipokei ndizi zetu. Mazungumzo yakafanyika, zuio likaondolewa baada ya siku chache. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, anayeshindana sokoni na zabibu za Afrika Kusini, alikuwa na maslahi yake katika zile siku chache. Mfanyabiashara wa mchele wa Kyela alikuwa na yake. Sera yetu ya mambo ya nje tangu mwaka 2001 imejikita kwenye diplomasia ya uchumi, na toleo lake jipya lilizinduliwa Mei 2025. Basi swali la kamati kwa waziri kila mwaka liwe jepesi: diplomasia hiyo ya uchumi imempunguzia nani siku ngapi mpakani?

Kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna jambo moja zaidi. Ushuru wa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya hupangwa na nchi wanachama kwa pamoja, na tangu Julai 1, 2022 kuna kundi la juu la asilimia 35 ambalo mafuta ya kula yamo. Mkamua alizeti wa Singida au wa hapa kwetu anapumulia kiwango hicho. Kinajadiliwa na mawaziri, mbali na macho ya wakulima. Tuna pia wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, na hao tisa huchaguliwa na Bunge letu. Kura hupigwa hapa, watu hushangilia, kisha miaka mitano inapita bila sokoni Kibaigwa mtu kumjua hata mmoja kwa jina. Kamati inayosimamia wizara yenye neno Afrika Mashariki ndani yake ndiyo ingekuwa daraja letu kwao, na naona daraja hilo halijatumika vya kutosha.

Ulinzi nitaupitia kwa haraka. Rais akitangaza hali ya vita, ibara ya 44 inataka Spika apelekewe nakala ya tangazo na Bunge liitishwe ndani ya siku kumi na nne kulijadili. Lakini kupeleka kikosi cha kulinda amani si kutangaza vita, kwa hiyo vijana wetu wamekwenda Kongo na Msumbiji kwa maamuzi ya Serikali ndani ya Umoja wa Mataifa na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Desemba 7, 2017 tulipoteza wanajeshi wetu zaidi ya kumi katika shambulio moja Kivu Kaskazini. Siku kama hizo kamati hukaa na wizara milango ikiwa imefungwa, na naunga mkono ifungwe. Askari aliye mstari wa mbele asiuawe na taarifa ya gazeti. Ila siri ya mahali kikosi kilipo ni kitu kimoja, na siri ya mkataba wa kibiashara ni kingine, na sikubali ya pili ijifiche nyuma ya ya kwanza. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296, inaipa kamati uwezo wa kuita mashahidi na nyaraka, na wakati huo huo inamzuia mtumishi wa umma kutoa baadhi ya nyaraka, zikiwemo za kijeshi, bila ridhaa ya Rais. Mwenyekiti jasiri huuliza ni kwa kifungu kipi ananyimwa. Mwenyekiti mwoga huambiwa "hilo ni nyeti" akafunga kitabu.

Na mabalozi? Kwetu Rais huwateua na kazi huanza. Kwa jirani zetu Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, jina hupita kwanza kwa Bunge lao. Kwangu mimi, hata bila kubadili Katiba, balozi mteule angeweza kukaa na kamati saa mbili kabla hajaondoka, aulizwe anakwenda kufanya nini na anaelewaje bidhaa zetu. Balozi anayekwenda Nairobi bila kuijua Kibaigwa amekwenda nusu.

Wewe wa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, hupaswi kuona haya kuyasemea mambo ya nje. Kuanzia 1964 wilaya yenu ilikuwa na kambi za wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine walifanya mazoezi pale, wakachota maji visima vile vile na wazee wenu. Sera ya nje ya nchi hii ililala katika nyumba za Wagogo kabla haijaandikwa kwenye vitabu.

Sasa la kufanya. Usiandike peke yako. Kaeni wafanyabiashara wa soko, muandike ukurasa mmoja, usizidi miwili, mseme mnachotaka kwa maneno yenu: kipimo cha sumukuvu kifanyike Kibaigwa na cheti chake kikubalike Namanga bila kupimwa upya, kama hilo ndilo. Ambatanisheni ushahidi. Mjumbe wa kamati anapokea hoja nyingi za jumla. Risiti ya maegesho ya siku nne mpakani, karatasi ya mzigo uliokataliwa yenye tarehe na mhuri, hiyo humfanya anyanyue macho. Andikeni kwa Katibu wa Bunge, S.L.P. 941 Dodoma, ielekezwe kwa Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama, na nakala kwa kamati inayosimamia kilimo na kwa mbunge wenu. Ipelekeni Januari au Februari, maana Machi kamati zinapitia bajeti na swali lenu linaweza kuwekwa mbele ya waziri akiwa amekaa na randama yake. Ikifika Juni, hesabu zimeshafungwa.

Na mkisikia kwenye redio kwamba kuna mkataba wa biashara umesainiwa mahali, msingoje ufike bungeni. Siku hiyo hiyo andikeni kuomba nakala yake. Tangazo la kutoa maoni likitoka, tafuteni mmoja wenu mwenye ulimi mwepesi, mumchangie nauli. Kutoka Kibaigwa mpaka hapa ni mwendo wa asubuhi moja. Akifika getini aseme amekuja kutoa maoni mbele ya kamati, awe na kitambulisho, na ile karatasi ya Namanga aidurufu nakala za kutosha ili kila mjumbe ashike ya kwake.